Kabla hujapanda miti chuoni Mbeya au Iringa

Miji yote miwili iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai hapa haina masihara. Kwa hiyo usinakili bustani ya chuo cha Dar es Salaam. Mkrismasi, ule wa maua mekundu, na mwarobaini hupenda joto. Huku miche yake hudumaa, na bondeni kunakoshuka umande wa barafu huungua majani yote.

Mringaringa ni mti wetu wa asili, una kivuli kizuri na maua meupe. Mgrevilea nao hukua haraka. Mjakaranda ukichanua zambarau kuelekea mvua unapendeza mno, ila usiupande kando ya ngazi: maua yakidondoka na kuloa, watu huteleza. Mkaratusi ubaki mbali na majengo, visima na mitaro. Unakunywa maji mengi, na chini yake nyasi hazioti vizuri.

Jambo ninalosisitiza sana ni mizizi. Ukifika kitaluni, chana kiriba kimoja, yaani mfuko wa mche, uangalie. Mzizi mkuu ukiwa umejizungusha chini kama kamba, achana na mche huo hata kama majani yake yanang'aa. Mti wa namna hiyo unaweza kusimama miaka kadhaa, kisha upepo ukauangusha juu ya wanafunzi waliokaa kivulini. Chagua mche mfupi, wenye shina nene, uupande Desemba ardhi ikishalowa vizuri.