Jinsi ya kumweleza mtu kwa nini unamtaka mgombea wako wa urais na sio yule mwingine

Kampeni zikianza hapa Mwanza, kuanzia mwaloni Kirumba mpaka vijiwe vya kahawa Igoma kila mtu ana mgombea wake, ila muulize kwa nini huyu na sio yule, utasikia sauti inapanda tu. Mi nitatumia mfano wa 2015, Magufuli na Lowassa, maana wote wameshatangulia mbele za haki na leo unaweza kuwazungumzia bila mtu kukushika shati.

Anza na kalamu. Andika sentensi moja yenye "badala ya" ndani yake: nampa fulani kura badala ya fulani kwa sababu hii. Ukishindwa kuimalizia bila kutaja kabila, chama au kaulimbiu, bado hujawa na sababu. Mwaka ule huku wengi tulisema "Magufuli ni mtoto wa Chato, mtu wa kanda ya ziwa", haya, mtu wa Mbeya utamwambia nini? "Hapa Kazi Tu" na "Mabadiliko" ni kaulimbiu zao, za kuitikia mkutanoni pale viwanja vya Furahisha, kijiweni hazikubebi.

Halafu angalia hiyo sababu yako ipo mikononi mwa rais kweli. Mtaro wa mtaani kwako kuziba mtafute diwani, ushuru wa meza sokoni hiyo ni halmashauri. Rais anateua mawaziri, wakuu wa mikoa na wilaya, majaji, ndo anayesukuma miradi mikubwa, kwa hiyo pima hapo.

Sasa hili la rekodi ndo nalisisitiza kuliko yote. Mi nilikuwa napeleka nguo Geita kila wiki, pale kivuko cha Kigongo kwenda Busisi nimesota foleni mpaka jua linazama, kwa hiyo sababu yangu ilikuwa njia: Magufuli alikuwa waziri wa ujenzi 2000 mpaka 2005, akarudi 2010 mpaka 2015, kilomita za barabara alikuwa anazitaja kichwani bila karatasi. Nikaenda nayo Kahama kwa baba mdogo, yeye alikuwa Lowassa damu damu, nikaongea weee. Akanisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akafungua bomba la uani, akakinga kikombe akaniwekea mbele. "Mwanangu, kunywa. Haya maji yametoka huko huko kwenu ziwani, yamevutwa Ihelele pale Misungwi mpaka hapa. Huyo unayemkataa ndo alikuwa waziri wa maji wakati mradi unaanzishwa." Nilikosa la kusema, maana ni kweli na nilikuwa sijaangalia kabisa.

Tangu siku ile naanza na zuri la mpinzani, tena lile kubwa lake, silifichi: "Najua Lowassa alitusogezea maji, ila mi kinachonikwamisha kila wiki ni njia, na huyu kazi hiyo nimemuona anaifanya." Mtu akishasikia umekiri la mgombea wake anatulia, anakupa sikio. Na baya la mpinzani liseme kama lilivyotokea, usimbandike jina. "Alijiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kwenye sakata la mkataba wa umeme wa Richmond" inatosha, ukiropoka "fisadi" maongezi yameisha hapo hapo na mzee wako umemkosea adabu. La mgombea wako pia liseme wewe kabla hujaulizwa.

Ahadi zipime kwa urefu wake, usihesabu tu nani kaahidi nyingi. Wote wawili waliahidi elimu bure, Lowassa akasema mpaka chuo kikuu, Magufuli mpaka kidato cha nne, hapo muulize mwenzako ipi anaona inatekelezeka kwa miaka mitano, umuache ajibu na wewe unyamaze, usimkatize.

Kingine ni mahali. Msibani hapana, kwenye daladala hapana, na siku ya kura kituoni usimwambie mtu neno, kampeni zinakuwa zimeshafungwa. Mtu mmoja mmoja ndo inafaa, kahawa ikiwa bado ya moto.

Baba mdogo hakubadilika, nami sikubadilika. Matokeo yakaja, Magufuli 58.46%, Lowassa 39.97%, sikumpigia kumtambia. Alinipigia yeye jioni ile: "Haya, ya njia zako tutayaona," kisha akauliza nguo za watoto nitaleta lini.