Bajeti ya mji wako wa New England hupitishwa na waliofika ukumbini

Machi 2022, mji wa Croydon, New Hampshire, wenye watu wapatao 800, ulikaa mkutano wake wa mwaka kupitisha bajeti ya shule. Theluji ilikuwa inaanguka na waliojitokeza walikuwa wachache. Mmoja wao akatoa hoja: bajeti ya dola milioni 1.7 ishuke hadi 800,000. Kura zikapigwa, 20 wakaunga mkono, 14 wakapinga, na zaidi ya nusu ya fedha za shule ikawa imeondoka, tena kihalali kabisa. Wazazi waliobaki nyumbani wakaanza kuhangaika kuitisha mkutano maalumu, na sheria ikawadai angalau nusu ya wapiga kura wote walioandikishwa wawe ndani ya ukumbi, la sivyo kura isingehesabika. Mei walifika. Matokeo: 377 kwa 2, fedha zikarudishwa.

Wengi wetu tulioko Massachusetts, Vermont, New Hampshire na Maine, majimbo ya New England kaskazini-mashariki mwa Marekani, tunajua kila kinachotokea kwenye uchaguzi wa rais, lakini hatujui kwamba katika mamia ya miji midogo hapa hakuna diwani anayekuamulia bajeti. Wapiga kura wenyewe hukaa kwenye ukumbi wa shule, wakaisikiliza bajeti ikisomwa, wakainua mikono. Huo ndio mkutano wa mji. (Ukiwa Lewiston au Portland kule Maine, utaratibu ni mwingine: hayo ni majiji yenye mabaraza ya madiwani.)

Kabla ya lolote, tuzungumze kuhusu uraia, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapoumia. Mwenye grini kadi, mwenye hifadhi, mwanafunzi, wote hawaruhusiwi kupiga kura kwenye mkutano wa mji, isipokuwa pale sheria ya mahali husika inaposema wazi vinginevyo. Vermont kuna miji ya namna hiyo: Winooski na Montpelier ziliruhusiwa mwaka 2021, baada ya bunge la jimbo kulipiku katazo la gavana, kuwaandikisha wakaazi halali wasio raia kwa kura za mji tu. Burlington ikafuata baada ya kura yake ya 2023. Ila ruhusa hiyo haivuki mpaka wa mji husika, wala haigusi kura ya rais, seneta au mbunge wa taifa. Sheria ya shirikisho ya 1996 imefunga mlango huo.

Mtego wenyewe mara nyingi hauko ukumbini. Uko kwenye ofisi ya leseni za udereva, ambapo fomu au mtumishi mwenye haraka anaweza kukuandikisha kuwa mpiga kura bila wewe kukusudia. Soma kila kisanduku. Penye swali la uraia, usiseme ndiyo kama jibu ni hapana, hata kama aliye mbele yako anakwambia "weka tu sahihi." Siku ukiomba uraia, fomu itakuuliza kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura, na kudai uraia usio nao kunaweza kukufungia njia hiyo moja kwa moja. Ukipata kadi ya mpiga kura kwa posta bila kuiomba, usikae nayo kimya na usiitumie. Ona wakili wa uhamiaji kwanza, kisha karani wa mji aondoe jina.

Sasa, kutopiga kura si kunyamaza. Vikao vya bodi ya mji, kamati ya shule na kamati ya fedha viko wazi kwa kila mtu, na hakuna anayekuuliza pasipoti mlangoni. Vikao vingi vina muda wa wananchi kusema. Hata kwenye mkutano wa mji wenyewe asiye mpiga kura huweza kuomba ruhusa ya kuzungumza: Massachusetts unamwomba mwenyekiti wa mkutano, Vermont ni waliohudhuria wanaokubali. Mama ambaye mtoto wake anapanda basi la shule alfajiri ana mengi zaidi ya kusema kuhusu bajeti ya mabasi kuliko nusu ya walioinua mikono.

Maoni yangu, na nitayashikilia: ukisubiri usiku wa mkutano umechelewa. Chukua Massachusetts, ambako mwaka wa fedha huanza Julai 1. Idara huanza kuandika maombi yao tangu msimu wa majani kupukutika, kamati ya fedha hukaa nayo majira ya baridi, na mkutano wenyewe huja majira ya kuchipua. Kwenye vikao hivyo vya baridi, kwenye chumba chenye viti vingi vitupu, ndiko nambari zinakobadilishwa kwa mazungumzo tu. Matangazo lazima yatoke saa 48 kabla, bila kuhesabu wikendi na sikukuu, kwa hiyo zoea kuchungulia tovuti ya mji kila juma.

Hati ya kuitisha mkutano ndiyo karatasi ya kusoma kwa makini. Ina orodha ya vipengele vyote vitakavyopigiwa kura, na jambo lisilomo haliwezi kuamuliwa. Vermont hubandikwa kati ya siku 30 na 40 kabla. Massachusetts, kwa mkutano wa mwaka, angalau siku 7. Iombe kwa karani wa mji. Makarani wa miji midogo, kwa ninavyowafahamu, hupenda kuulizwa.

Bajeti yenyewe isikutishe. Mara nyingi ina safu za mwaka uliopita, mwaka huu, na unaopendekezwa. Usianze na jumla kuu. Tafuta mistari iliyopanda au kushuka kupita mingine, kisha uliza kwa nini. Mara nyingi jibu ni bima ya afya ya wafanyakazi au mtoto mmoja anayehitaji shule maalumu, na ukishajua hilo utaelewa kwa nini maktaba imepunguziwa saa.

Massachusetts ina kikomo kiitwacho Pendekezo la 2½, kilichopitishwa kwa kura ya wananchi mwaka 1980. Jumla ya kodi ya majengo ambayo mji unakusanya haiwezi kuongezeka zaidi ya asilimia 2.5 kwa mwaka, ukiacha ujenzi mpya. Mji ukitaka kuvuka hapo, unahitaji kura ya karatasi kituoni, na fedha hizo lazima pia zipitishwe na mkutano wa mji. Moja bila nyingine haitoshi. Karatasi itataja kiasi, tuseme dola 600,000, na utasikia majirani wakisema ni nyingi mno au ni kidogo tu. Fanya hesabu mwenyewe. Ikiwa mali zote za mji zina thamani ya dola bilioni 1.2, kiasi hicho ni senti 50 kwa kila dola 1,000 za thamani. Nyumba ya dola 400,000 itaongezewa dola 200 kwa mwaka. Mpangaji naye asijione yuko nje ya hesabu. Mwenye nyumba ataikumbuka nyongeza hiyo mkataba wako ukiisha.

New Hampshire kuna miji iliyogawa mkutano mara mbili. Kikao cha kwanza, mwishoni mwa Januari au Februari, ni cha kujadili na kurekebisha. Kura za karatasi hupigwa Machi. Watu hukipuuza kikao cha kwanza kwa sababu "kura ni Machi." Lakini Machi unajibu ndiyo au hapana tu; nambari zimeshafungwa. Jimbo hilo pia sasa linadai uthibitisho wa uraia unapojiandikisha kwa mara ya kwanza, kwa hiyo uliyeapishwa juzi beba pasipoti au cheti chako.

Ukumbini utajitambulisha mezani, jina litafutwe kwenye daftari, upewe kadi ya kuinua. Hakuna kupiga kura kwa posta kwa mambo yanayoamuliwa pale sakafuni, kwa hiyo anayefanya zamu ya usiku apange mapema. Maneno yote huelekezwa kwa mwenyekiti, siyo kwa jirani unayebishana naye. Mtu akitoa hoja ya kufunga mjadala, foleni ya wasemaji inaweza kukatwa hapo hapo, hivyo wahi kipaza sauti. Na kama hutaki bosi wako aliyekaa safu ya mbele aone umeinua mkono upande gani, omba kura ya siri: Vermont wapiga kura saba wakiomba hupewa, New Hampshire watano kwa maandishi kabla kura haijaanza.

Baada ya mwaka mmoja wa kusikiliza, leta kipengele chako mwenyewe. Massachusetts sahihi 10 za wapiga kura walioandikishwa zinatosha kukiingiza kwenye hati ya mkutano wa mwaka: taa kwenye njia ya kituo cha basi, fedha za mkalimani kwenye vikao vya shule. Kusanya 15 au 20, maana baadhi zitakataliwa kwa anwani kutofanana na daftari, na muulize karani tarehe ya mwisho. Katika miji mingi tarehe hiyo huwa imepita kitambo watu wanapoanza kuuliza mkutano ni lini.