Namna ya Kununua Seti Kamili za Kiwandani za Kadi za Besiboli

Mkusanyaji anayetaka kadi zote za besiboli za mwaka mmoja ana njia tatu za kuzipata: kufungua pakiti moja baada ya nyingine mpaka namba zote zitimie, kununua seti iliyokusanywa kwa mkono na mtu mwingine, au kununua seti kamili iliyopangwa na kufungwa kiwandani. Mwongozo huu unahusu njia ya tatu. Ndiyo ya haraka, na mara nyingi ndiyo ya bei nafuu, lakini ina mitego yake, kwa kuwa anayenunua sanduku lililofungwa analipia kitu ambacho bado hajakiona.

Kabla ya kuuliza bei, jua sanduku hilo linapaswa kuwa na nini. Kampuni ya Topps ya New York, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikitoa kadi zake kwa awamu msimu mzima, mwaka 1974 ilizitoa zote 660 kwa mkupuo mmoja, na seti kamili za mwaka huo ziliuzwa kupitia katalogi ya duka la JCPenney. Kuanzia 1982 hadi 1992 seti ya kawaida ya Topps ilikuwa na kadi 792, yaani karatasi sita za uchapaji zenye kadi 132 kila moja; mwaka 1993 hesabu ilipanda hadi 825. Fleer na Donruss, ambazo ziliingia sokoni mwaka 1981 baada ya ukiritimba wa Topps kupingwa mahakamani, zilitoa kadi 660 kwa miaka mingi ya muongo huo. Donruss iliambatanisha pia vipande vya kuunganisha picha ya mchezaji wa zamani, kama Roberto Clemente mwaka 1987, na seti yake ya kiwandani isiyo na vipande hivyo haistahili kuitwa kamili.

Neno "kamili" ndilo linalowaponza wanunuzi wengi, kwa sababu muuzaji anaweza kulitumia bila kusema uongo na bado ukakosa ulichokitaka. Chukua mfano wa seti ya 1989 ya kampuni ya Upper Deck, ambayo kadi yake namba 1, inayotafutwa kuliko nyingine, ni ya mchezaji Ken Griffey Jr. Kadi za 1 hadi 700 zilitoka kwanza, kisha zikafuata za 701 hadi 800. Seti ya kiwandani ya mwaka mzima ina kadi 800, lakini utakuta watu wanauza kadi 700 za mwanzo, au zile 100 za mwisho peke yake, na kila mmoja anaiita seti yake kamili.

Mtego mwingine uko kwenye matoleo ya nyongeza. Tangu 1981 Topps imekuwa na desturi ya kutoa, mwishoni mwa msimu, seti ndogo ya wachezaji waliohama timu na wale waliochipukia katikati ya mwaka, na humo ndimo zilimo baadhi ya kadi za mwanzo, yaani za mchezaji anapoanza kutolewa kwenye kadi, zinazotafutwa kuliko zote. Kadi ya Barry Bonds katika toleo la nyongeza la 1986 ni namba 11T, na haimo katika zile 792 za seti kuu ya mwaka huo. Katika seti kuu aliingia mwaka 1987, kwa namba 320. Vivyo hivyo, kadi ya mwanzo ya Mike Trout, namba US175, ni ya toleo la nyongeza la 2011, kwa hiyo atakayenunua sanduku la seti kuu ya Topps ya 2011 akimtumainia Trout atahesabu kadi zote bila kumwona. Kwa upande mwingine, Derek Jeter yumo katika seti kuu ya 1993 kwa namba 98, Aaron Judge katika ya 2017 kwa namba 287, na Shohei Ohtani katika ya 2018 kwa namba 700. Andika namba ya kadi unayoitaka, kisha uliza kama seti inayouzwa inafikia namba hiyo.

Kuhusu bei, ni lazima kutenganisha vipindi viwili. Seti za kiwandani za miaka ya mwanzo ya 1980, zilizouzwa kupitia maduka makubwa kama Sears na JCPenney, ni chache, na zilizosalia zikiwa nzima zina thamani inayoeleweka. Kuanzia karibu 1986 hadi 1993 viwanda vilichapa kadi kupita kiasi, na familia nyingi za Marekani ziliweka masanduku kabatini zikitarajia yatakuja kusomesha watoto. Matokeo yake, Topps nyingi za 1987 hadi 1992 zinauzwa leo kwa bei ya mlo wa watu wawili mkahawani, na muuzaji anayedai zaidi kwa sababu tu sanduku ni "la zamani" hana hoja. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipindi kizuri kuliko vyote kwa anayeanza, almuradi ananunua kwa sababu anazipenda kadi zenyewe. Anayetafuta faida atafute kwingine.

Katika miaka inayokaribiana na hiyo yapo matoleo ya pekee yasiyopaswa kuchanganywa na ya kawaida. Kati ya 1984 na 1991 Topps ilitoa seti za kung'aa ambazo wakusanyaji huziita Tiffany, zikiwa kwenye karatasi bora yenye mgongo mweupe zaidi kuliko ule wa kijivu wa kadi za kawaida. Fleer nayo, kuanzia 1987, ilitoa za kwake katika makopo ya bati. Tofauti ya bei ni kubwa, hivyo usilipie Tiffany kwa kutazama picha za mbele tu: omba picha ya mgongo wa kadi, ikiwezekana ikiwa kando ya kadi ya kawaida ya mwaka huohuo. Kwa kopo la Fleer, uliza kuhusu kutu.

Sasa tuje kwenye lakiri. Nailoni iliyobana sanduku si ushahidi wa kutosha, maana mashine ya kubana nailoni hununuliwa na yeyote, na hila ya kawaida ni kufungua sanduku, kutoa kadi moja yenye thamani, kuweka iliyochakaa mahali pake, kisha kulifunga upya. Tazama kama nailoni imekaza sawasawa, kama mishono imenyooka, na kama pembe za sanduku zilizo chini yake zimechakaa kuliko nailoni yenyewe, kwa sababu sanduku lililochakaa ndani ya nailoni inayong'aa linahitaji maelezo. Kumbuka pia kwamba baadhi ya masanduku ya zamani hayakufungwa kwa nailoni hata yalipotoka kiwandani, kwa hiyo kwa mwaka unaoutaka linganisha na picha za masanduku mengine kabla ya kushuku au kuamini. Kwa masanduku ya bei kubwa, wakusanyaji wengi hupendelea yaliyokaguliwa na Baseball Card Exchange ya Indiana, ambayo hufunga kwa nailoni yenye alama yake yale iliyoridhika nayo. Gharama hiyo ina maana kwa Tiffany ya 1985. Kwa Topps ya 1990 haina.

Seti iliyokwisha kufunguliwa si mbaya, lakini ichukulie kuwa kadi yake kuu imeshatazamwa na mtu mwenye jicho kali kuliko lako. Kadi ya Griffey ikiwa na pembe nne zilizo kamili na picha iliyokaa katikati, mwenye nayo angekuwa ameshaipeleka PSA, kampuni inayopima hali ya kadi, kupimwa kwa kipimo cha 1 hadi 10, na kuiuza peke yake. Ukiikuta bado imo sandukuni, lipa bei ya kadi ya hali ya wastani.

Hata seti ambayo haijaguswa haina ahadi ya ubora. Picha iliyopinda upande mmoja, kingo zilizokatwa vibaya na madoa ya wino vilitoka na mashine, na kadi zilizobanwa sana huweza kujikunja. Zile zenye mng'ao mzito za miaka ya 1990 zina tatizo baya zaidi: zikikaa mahali pa joto na unyevu hushikana kuwa tofali moja, na kuzibandua kwa nguvu hung'oa wino. Muulize muuzaji sanduku lilihifadhiwa wapi. Jibu la "darini" au "gereji" likiwa la jimbo la joto kama Florida, punguza bei au liache. Ukishalinunua tayari, zitelezeshe kadi kwa upande, polepole, badala ya kuziinua.

Mahali pa kununua si tatizo kwa aliyeko Marekani: yapo maduka ya kadi, maonyesho ya mwisho wa wiki, mkutano mkubwa wa kila mwaka wa National Sports Collectors Convention, na minada ya eBay. Mtandaoni, dai picha za pande zote sita za sanduku lenyewe linalouzwa, wala usikubali picha ya mfano, na utake lisafirishwe ndani ya sanduku jingine lililojazwa karatasi. Kadi 792 pamoja na sanduku lake zina uzito wa takriban kilo moja na nusu, na mzigo wa namna hiyo ukianguka unatua kwenye pembe za kadi.

Likifika, na kama umeamua kulifungua, panga kadi kwa namba siku hiyohiyo. Seti nyingi za kiwandani za miaka ya 1980 hazikupangwa kwa mfuatano, hivyo usidhani namba imepotea kwa sababu tu haikufuata mwenzake. Katika Topps za 1997 hadi 2005 hutaikuta namba 7, kwani kampuni iliiacha wazi kwa heshima ya Mickey Mantle, mchezaji aliyevaa jezi namba 7, aliyefariki mwaka 1995, ikairudisha 2006. Muuzaji mwenye uvumilivu mdogo ameshachoka kuulizwa habari yake. Ikiwa kadi imepungua kweli, mwandikie mara moja ukiambatanisha picha. Kama ni kadi ya mchezaji wa kawaida, inayopatikana mahali pengine kwa senti chache, omba upunguziwe bei badala ya kurudisha mzigo wote. Kama ni ile uliyoinunulia seti, rudisha.