Umeletewa kichupa cha BPC-157? Kisome kwanza, kisha shughulikia kano ya kisigino

Mkimbiaji wa Nairobi akilalamika siku hizi kwamba kisigino kinauma, hakosi wa kumnong'oneza jimu: kuna peptaidi (mnyororo mfupi wa asidi amino, kama kipande kidogo cha protini), unaagiza kwa WhatsApp, boda anakuletea, unajidunga tumboni. Kinachofika ni kichupa kidogo cha kioo chenye kifuniko cha alumini, unga mweupe umegandamana chini, na kibandiko: BPC-157, miligramu 5, kwa utafiti pekee. Maneno hayo ya mwisho si pambo. Aliyekitengeneza hajaahidi kwamba kinafaa kuingia mwilini mwa mtu, na ukiumia hana la kujibu.

BPC-157 ni mnyororo wa asidi amino 15. Umechunguzwa tangu miaka ya 1990, hasa na kundi la Predrag Sikirić kule Zagreb, Kroatia, na karibu kazi yote imefanywa kwa panya. Kano ya panya hukatwa kwa kisu, wengine wakapewa peptaidi, na hao ndio huonekana kupona upesi. Sasa tazama kisigino chako. Kano iliyokatwa leo ni jeraha bichi. Kano inayouma mwezi wa nne tangu uongeze kilomita za Karura imechoka na nyuzi zake zimevurugika. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na kwa hilo la pili hakuna jaribio kubwa la binadamu lenye kundi la kulinganisha. Ndiyo maana hapa hutakuta kipimo cha kudunga: hakuna kilichothibitishwa.

Ila kichupa kinasomeka, na kukisoma kunafundisha mengi kuhusu aliyekuuzia.

Anza na cheti cha uchambuzi, yaani karatasi ya maabara inayoletwa na kichupa. Namba ya bechi kwenye karatasi ilingane na ya kichupani. Wauzaji wengi hutuma picha ileile ya cheti kwa kila mteja, na tarehe yake ni ya miaka miwili nyuma. Halafu tafuta uzito wa molekuli. BPC-157 ina takriban daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 1419.5. Ukiona kwenye grafu ya uzito kilele kikubwa karibu na 710 usishtuke, hiyo ni molekuli ileile iliyobeba chaji mbili. Ukiona kitu kisichofanana na 1419 wala 710, hicho si BPC-157.

TB-500, peptaidi nyingine, ina utata zaidi, kwa sababu kwa jina hilo moja huuzwa vitu viwili. Kuna thymosin beta-4 nzima yenye asidi amino 43 na uzito wa karibu 4963, na kuna kipande chake chenye asidi amino 7 tu na uzito wa karibu 889. Muuzaji asiyejua amekuuzia kipi hajui anauza nini.

Kisha angalia grafu ya HPLC, kipimo cha maabara kinachotenganisha vilivyomo na kuonyesha usafi, imepimwa kwa mwanga gani. BPC-157 haina hata asidi amino moja yenye pete ya kunyonya mwanga wa nanomita 280, kwa hiyo grafu safi ya 280 ni sawa na kupima unga wa ugali kwa rula. Inatakiwa iwe karibu 214 au 220, ambako viungo vya mnyororo wenyewe huonekana.

Na ile "99%" inayoringiwa? Inasema tu kwamba katika vitu vilivyoonekana kwenye grafu, 99% ni peptaidi hiyo. Maji na chumvi zilizobaki kutoka kiwandani hazionekani pale, wala manitoli, kitu cha jamii ya sukari kinachotiwa kujaza kichupa. Kwa hiyo unga mwingi haumaanishi peptaidi nyingi.

Kubwa zaidi ni kile ambacho karatasi haikitaji: endotoksini, yaani mabaki ya kuta za bakteria. Kichujio cha mikroni 0.22 huzuia bakteria, lakini endotoksini hupita. Kuchemsha nako huua bakteria na kuacha sumu yao. Mtu akijidunga na saa chache baadaye akatetemeka kwa homa, Nairobi wa kwanza kulaumiwa ni malaria, hasa kama alisafiri Kisumu au Pwani juzi. Apimwe, ndiyo, lakini aende hospitalini na kichupa mkononi na aseme wazi alichojidunga. Sehemu ya sindano ikivimba, ikawa moto na nyekundu inayosambaa, asingoje kesho.

Cheti cha maabara si usajili. Dawa halali hutafutwa kwa jina kwenye orodha ya Bodi ya Dawa na Sumu, PPB. Ukiwa mwanariadha wa kupimwa, mjadala ni mfupi: WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli michezoni, imeitaja BPC-157 kwa jina kwenye kundi S0 (vitu visivyoidhinishwa kutibu binadamu) tangu 2022, na TB-500 imo kundi S2 (homoni za peptaidi na vichochezi vya ukuaji). Zote mbili zimepigwa marufuku wakati wote, ndani na nje ya mashindano. Kusema kocha ndiye aliyekupa hakukuondolei kosa. Una shaka? Waulize ADAK, shirika la Kenya linalosimamia marufuku hizo, kabla ya kudunga.

Sasa kano yenyewe.

Kwanza hakikisha haijakatika. Lala kifudifudi, miguu ining'inie ukingoni mwa kitanda, mtu akubane shavu la mguu. Unyayo ukikaa kimya ilhali wa upande wa pili unacheza, nenda hospitali leo. Kumbuka pia dawa ulizomeza. Ciprofloxacin, inayonunuliwa kemisti kama peremende kila tumbo likisokota, inajulikana kudhuru kano, hii ya kisigino hasa, na hatari huongezeka ukiwa na zaidi ya miaka 60 au ukitumia dawa za steroidi. Mwambie daktari.

Kama haijakatika, ipe mzigo. Siku 3 kwa wiki, wiki 12. Simama kwenye ngazi kwa nusu ya mbele ya unyayo, inua visigino kwa sekunde 3, vishushe kwa sekunde 3. Wiki ya 1 fanya seti 3 za mara 15. Wiki ya 2 na 3, seti 3 za 12. Ya 4 na 5, seti 4 za 10. Ya 6 hadi 8, seti 4 za 8. Kuanzia ya 9, seti 4 za 6. Uzito uwe ule unaokufanya ushindwe kuongeza hata moja mwishoni mwa seti. Begi lenye pakiti 5 za unga wa kilo 2 ni kilo 10. Mtungi wa lita 20 uliojaa ni kilo 20. Ushike kwa mkono mmoja, mwingine uegemee ukuta. Ukivuka hapo utahitaji mashine ya jimu. Rudia zoezi ukiwa umeketi, mtungi juu ya goti, ili msuli wa ndani wa shavu nao ufanye kazi.

Maumivu hadi 5 kati ya 10 wakati wa zoezi yanakubalika, mradi kesho asubuhi yawe yamerudi yalipokuwa. Kila siku zipe namba hatua zako za kwanza kutoka kitandani na uiandike. Hiyo ndiyo taa yako. Ikipanda siku mbili mfululizo, punguza pakiti mbili za unga, usiache zoezi.

Wengi huharibu kwa haraka: wanahesabu sekunde 3 kwa sekunde moja, au wiki ya tatu maumivu yakipungua wanarudi barabarani. Na kama panapouma ni pale kano inapoungana na mfupa, usishushe kisigino chini ya ngazi. Fanyia sakafuni, kwa sababu kushuka zaidi huikandamiza kano dhidi ya mfupa.

Ukiweza kuinua kisigino kwa mguu mmoja mara 20 hivi bila asubuhi kuwa mbaya, anza dakika 1 ya kukimbia na 1 ya kutembea, mara 10, siku moja ndiyo moja hapana, kwenye tambarare. Vilima vya Ngong viwe vya mwisho kabisa.