Kuchagua flashi yenye usimbaji fiche: anza kwa kuuliza nani anakagua nenosiri

Kazi yangu ni kurudisha data iliyopotea, na flashi ndizo ninazoletewa kuliko kifaa kingine chochote. Nyingi hazina ulinzi wowote. Nikiichomeka tu, naona nakala za pasipoti, vyeti vya kuzaliwa, taarifa za benki, majibu ya vipimo, picha za watoto. Mimi nimekabidhiwa na mwenyewe. Aliyeiokota kwenye kiti cha basi hakukabidhiwa na mtu, na anaona yale yale.

Hata taasisi kubwa huteleza hapa. Mwaka 2017 flashi ya uwanja wa ndege wa Heathrow, London, iliokotwa na mtu wa kawaida. Ilikuwa na faili zaidi ya 1,000 na haikuwa na nenosiri. Mwaka uliofuata mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Uingereza iliutoza uwanja huo faini ya pauni 120,000.

Dawa ni usimbaji fiche, yaani kuigeuza data iwe fumbo lisilosomeka bila ufunguo. Fuata hatua hizi kabla hujalipa.

Hatua ya 1: Orodhesha utakachoweka na utakakoichomeka

Andika faili zako na ukubwa wake. Watu wengi hununua flashi kubwa mno, ilhali nyaraka za familia nzima huenea kwenye GB 8. Kisha andika mashine zote utakazotumia: Windows, Mac, Linux, simu, printa. Orodha hii ya pili ndiyo itakayokuamulia aina, maana flashi inayohitaji programu ifunguke kwanza haitafunguka kwenye printa.

Hatua ya 2: Uliza nenosiri linakaguliwa wapi

Hapa tulia, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotea.

Kuna flashi za kawaida zinazouzwa pamoja na programu ya "kufunga folda". Baadhi ya programu hizo hazisimbi chochote, zinaficha tu. Niliwahi kuletewa flashi ambayo mwenyewe alisahau nenosiri lake. Niliichomeka kwenye kompyuta yenye Linux na faili zote zikajitokeza, hakuna hata moja iliyosimbwa. Mteja alifurahi kupata faili zake. Mimi nilisikitika, kwa kuwa kwa miaka yote hiyo alidhani amefunga.

Kuna flashi zenye chipu yake ya usimbaji. Data husimbwa ndani ya flashi yenyewe, nawe unaandika nenosiri kwenye kompyuta. Hizi ni bora, lakini uliza: anayesema "nenosiri ni sahihi" ni chipu au ni programu iliyo kwenye kompyuta? Mwanzoni mwa mwaka 2010 kampuni ya usalama ya Kijerumani SySS ilionyesha kwamba baadhi ya flashi za Kingston, SanDisk na Verbatim ziliachia ukaguzi huo kompyuta. Nenosiri likiwa sahihi, programu ilituma ujumbe wa kufungua, na ujumbe huo ulikuwa ule ule siku zote. Watafiti wakautuma wenyewe, mlango ukafunguka bila nenosiri. Flashi hizo zilikuwa na cheti cha serikali ya Marekani. Usimbaji wake haukuwa na kasoro, kasoro ilikuwa kwa bawabu.

Aina ya tatu ina vitufe vya namba juu yake. Unabonyeza PIN kabla ya kuchomeka, kwa hiyo inafunguka kwenye mashine yoyote, hata printa au televisheni, na kompyuta haiioni PIN yako kamwe. Mimi huipendekeza zaidi kwa faili binafsi. Hata hivyo vitufe peke yake si dhamana: mwaka 2022 SySS hao hao walichunguza Verbatim Keypad Secure na kukuta data yake inaweza kunakiliwa, kisha PIN ikakisiwa pembeni bila kikomo.

Basi unachotafuta ni hiki: chipu ndiyo ikague, chipu ndiyo ihesabu makosa, na ufunguo usitoke nje ya chipu.

Hatua ya 3: Soma pakiti kwa macho makali

Maneno "kiwango cha kijeshi" yapite tu, hayasemi lolote. AES ya biti 256, njia ya usimbaji inayotumika sana, ni nzuri, lakini karibu kila mtengenezaji anayo. Kinachotofautisha ni namna inavyotumika. Tafuta modi, yaani namna ya kusimba vipande vya data, inayoitwa XTS. Modi ya ECB iache: vipande vya data vinavyofanana hubaki kufanana hata vikishasimbwa, na mtu anaweza kuona umbo la kilichomo.

Kuhusu vyeti vya FIPS, yaani viwango vya serikali ya Marekani, FIPS 197 inathibitisha kwamba AES imetekelezwa sawasawa, basi. FIPS 140-2 na mrithi wake FIPS 140-3 huchunguza kifaa chenyewe, kwa ngazi nne. Ngazi ya 3 hudai pia kinga dhidi ya anayejaribu kukifungua kwa nguvu, na ndiyo maana flashi nyingi za ngazi hiyo chipu zake zimezamishwa kwenye gundi ngumu. Namba ya cheti itafute mwenyewe kwenye orodha ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iko wazi kwenye intaneti. Ila kumbuka yaliyotokea 2010: cheti kinapunguza shaka, hakiiondoi. Kwa hiyo tafuta pia jina la modeli pamoja na neno "udhaifu", kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Hakikisha pia kwamba programu ya ndani ya flashi inalindwa kwa saini ya kidijitali. Mwaka 2014 watafiti wa usalama Karsten Nohl na Jakob Lell walionyesha kwamba programu hiyo ikibadilishwa, flashi inaweza kujifanya kibodi na kuiamrisha kompyuta yako.

Hatua ya 4: Jua nini kinatokea ukikosea

Flashi nyingi nzuri hufuta ufunguo baada ya makosa 10 mfululizo. Data inabaki fumbo milele, na hapo hata mimi fundi sina la kukusaidia. Mtayarishaji programu Stefan Thomas alifunga kwenye flashi ya aina hiyo funguo za bitcoin 7,002, sarafu za kidijitali, na kupoteza nenosiri. Habari zake zilipoenea mwaka 2021, alikuwa ametumia nafasi 8 kati ya 10.

Kikomo hicho cha makosa 10 ndicho kinachofanya PIN ya tarakimu 8 itoshe kwenye flashi yenye chipu: michanganyiko ni milioni 100, mwizi ana nafasi 10. Usitumie tu mwaka wa kuzaliwa.

Hatua ya 5: Kama hutanunua ya chipu, tumia programu ya kweli

Flashi ya kawaida inaweza kulindwa vizuri kwa BitLocker kwenye matoleo ya Pro ya Windows, Disk Utility kwenye Mac, LUKS kwenye Linux, au VeraCrypt ambayo ni ya bure na inafanya kazi kwenye mifumo yote mitatu. Windows ya Home haiwezi kusimba flashi kwa BitLocker, lakini inaweza kuifungua iliyokwisha kusimbwa. VeraCrypt nayo huomba ruhusa za msimamizi, hivyo kwenye kompyuta ya watu huenda ikagoma.

Simba flashi ikiwa tupu. Flashi huhamisha data kutoka seli moja, yaani chumba kidogo cha kuhifadhia data, hadi nyingine ili zisichakae mapema, na faili uliyofuta huweza kubaki kwenye seli usiyoifikia.

Hapa hakuna chipu ya kuhesabu makosa. Mwizi ananakili kila kitu na kukisia usiku kucha kwa mashine nyingi, kwa hiyo PIN fupi haifai. Tumia maneno sita yaliyochaguliwa kwa kurusha dadu kutoka orodha ya maneno 7,776. Usiyachague kwa kichwa, akili hupenda mazoea.

Hatua ya 6: Ijaribu ingali tupu

Programu ya H2testw, au F3 kwenye Linux na Mac, itakuonyesha kama ukubwa ulioandikwa ni wa kweli. Fanya hivi kwanza, maana flashi bandia hukubali faili kisha huzipoteza kimya kimya. Kisha kosea PIN kwa makusudi hadi ijifute, uone kama inatimiza ahadi. Ianzishe upya. Ifungue, ichomoe, ichomeke tena: lazima iombe PIN.

Kumbuka kwamba ikishafunguka, kompyuta yenye virusi inaona kila kitu. Kama flashi ina hali ya kusoma tu, iwashe kila unapotumia mashine isiyo yako. Itazuia virusi kujiandika humo, ingawa haitazuia visisome.

Mwisho nakili faili na ufungue kadhaa kuhakikisha zinasomeka. Weka nakala ya pili iliyosimbwa mahali pengine. PIN iandike kwenye karatasi, uifunge kwenye bahasha na kuihifadhi mbali na flashi zote mbili. Zichomeke angalau mara moja kwa mwaka na kuzikagua, kwa kuwa seli za flashi hupoteza chaji polepole zikikaa bila umeme.