Kusomea Uhandisi wa Umeme na Kompyuta Marekani: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kujisajili

Ndugu anayeishi Marekani na kutaka kusomea uhandisi wa umeme na kompyuta aanze kwa kukagua kama programu anayoiendea ina ithibati ya ABET, shirika linalokagua ubora wa programu za uhandisi, kabla hata ya kuuliza ada. Umaarufu wa chuo hautoshi, kwa kuwa ABET hutoa ithibati kwa programu mojamoja, si kwa chuo kizima. Shahada ya uhandisi wa umeme na ile ya teknolojia ya uhandisi wa umeme huweza kutolewa katika jengo moja, lakini hukaguliwa na tume mbili tofauti, na baadhi ya majimbo huwawekea wahitimu wa ile ya pili masharti mazito zaidi ili wapate leseni ya uhandisi. Orodha ya programu zote imo katika tovuti ya ABET, wazi kwa kila mtu.

Jambo linalowachelewesha wengi zaidi ni mpangilio wa masomo tangulizi. Somo la saketi, ambalo ndilo mlango wa fani yote, kwa kawaida hudai kalkulasi na fizikia ya umeme na sumaku. Baada ya saketi huja elektroniki, kisha mawimbi na mifumo, ambamo hesabu za Fourier, za kuchambua wimbi kuwa mawimbi sahili, hutumika kila wiki, na ndipo mwanafunzi huruhusiwa kuchagua mitambo ya udhibiti, mawasiliano au usanifu wa kompyuta. Katika idara nyingi baadhi ya masomo hayo hufundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka, hivyo anayefeli saketi mara moja anaweza kuahirisha kuhitimu kwa mwaka mzima, pamoja na kodi ya nyumba na ada za mwaka huo. Aliyemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) huona kalkulasi ya mwanzo kuwa nyepesi. Lakini kama imepita miaka mitano bila kushika kalamu ya hisabati, namsihi asiiruke hata akiruhusiwa, kwani udhaifu wa hapo hujitokeza baadaye, mahali ambapo hakuna tena nafasi ya kurudi nyuma.

Wenye familia na kazi wanaweza kuanzia chuo cha jamii, ambako ada huwa ndogo, kisha wakahamia chuo kikuu. Wapate kwanza uthibitisho wa maandishi, kutoka chuo wanachotaka kuhamia, kwamba kila somo litahesabiwa. Ahadi ya mdomo haitoshi. Wenye kadi ya ukaazi wa kudumu wajaze pia fomu ya FAFSA, ya kuomba msaada wa serikali wa kulipia masomo, kila mwaka.

Kwa wenye viza ya mwanafunzi ya F-1, sheria zilivyo sasa zinamtaka mwanafunzi wa shahada ya kwanza asome angalau kredit 12 kila muhula, na zinamruhusu kufanya kazi chuoni kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo. Baada ya kuhitimu kuna OPT, yaani ruhusa ya kufanya kazi ya fani aliyosomea, ya miezi 12, na kwa kuwa fani hii ni ya sayansi na teknolojia, huweza kuongezwa miezi 24. Ni vyema kujua mapema kwamba nafasi nyingi za kazi za elektroniki za ulinzi wa taifa hazitolewi kwa mwenye viza hiyo, ili mtu asijenge matumaini yake yote huko.

Kuhusu uchaguzi wa tawi, wengi hukimbilia upande wa kompyuta, nami sioni kosa. Hata hivyo nashauri kwa moyo wote kusoma angalau somo moja la mifumo ya nguvu za umeme. Bwawa la umeme la Julius Nyerere nchini Tanzania lina uwezo wa megawati 2,115, na njia ya msongo wa kilovolti 500 inaunganisha Ethiopia na Kenya kwa mkondo mnyoofu (DC). Kazi ya namna hii nyumbani inahitaji watu. Anayesomea Marekani akumbuke tu kwamba mazoezi yake ya maabara yatakuwa ya umeme wa masafa ya hezi 60, ilhali kwetu ni hezi 50: mota ileile hupungua mwendo kwa sehemu moja ya sita, na transfoma iliyoundwa kwa hezi 60, ikipewa volti zilezile kwa hezi 50, huweza kujaa sumaku kupita kiasi na kupata joto.

Katika mwaka wa mwisho, ajisajili kwa mtihani wa FE (Fundamentals of Engineering), hatua ya kwanza ya kupata leseni ya uhandisi, wa umeme na kompyuta, wenye maswali 110, wakati nadharia bado ni mbichi kichwani. Na tangu muhula wa kwanza ahifadhi muhtasari wa kila somo alilosoma. Siku akirudi Tanzania, shahada yake itahitaji kutambuliwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kabla hajaomba usajili kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na Mkenya atakutana na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Huko huenda akaulizwa alisoma nini hasa na kwa saa ngapi, na kuzitafuta karatasi hizo kutoka ng'ambo baada ya miaka kumi ni kazi ngumu.