Kabla hujatoa pesa ya kamera ya vidio

Watu wengi wakiingia dukani swali la kwanza ni "hii ina megapikseli ngapi?" na muuzaji akisikia hivo ashajua amepata mteja wa kuuziwa chochote. Kwa vidio hizo megapikseli (nukta milioni za picha) si hoja, vidio kali ya 4K ni kama megapikseli 8 tu na ile ya kawaida ya Full HD ni 2. Wewe jiulize kwanza waenda kurikodi nini na wapi.

Tuseme ni harusi, maanake hapa Mombasa kazi nyingi ni hizo. Kupamba, ile sherehe ya wanawake ya kumtazama bibi harusi, ni usiku, ukumbi una taa za rangi na giza huko pembeni, bibi harusi yuwang'ara dhahabu tupu. Hapo wataka kamera yenye sensa kubwa (kile kipande cha ndani kinachonasa picha), ya inchi 1 hivi, na lenzi ya f/1.8 au f/2 (namba ikiwa ndogo, mwanga waingia mwingi), la sivo picha yajaa chembechembe. Sony ZV-1 iko hivo, lakini zumu yake haifiki hata mara 3. Sasa kama kazi yako ni maulidi uwanjani au mpira wa watoto nawe uko mbali, handikam, ile kamera ya vidio ya kushika mkononi, kama Sony AX43 yavuta mara 20 kwa lenzi yenyewe, ila sensa yake ni ndogo na gizani yateseka. Chagua moja, vyote viwili kwa bei ndogo hupati. Na ile zumu ya kidijitali wanayoandika kwa herufi kubwa kwenye boksi isahau kabisa, hiyo yakata picha tu na kuipanua.

Halafu kupamba ni kwa wanawake peke yao, mpiga vidio awe mwanamke, na wenyewe watauliza hizo picha zabaki wapi. Heri kila kazi iwe na kadi yake uwaachie wenyewe hapo hapo. Kwa hivo angalia kama kamera ina memori ya ndani, ikiwa nayo hakikisha yarikodi kwa kadi, usije ukaondoka na harusi ya watu bila kujua.

Kadi nayo ina mambo. 4K ya megabiti 100 kwa sekunde yala kama GB 45 kwa saa, hivo GB 64 haifiki saa moja na nusu. Nunua iliyoandikwa V30, alama ya kasi ya kurikodi, na uipime, feki ni nyingi, kuna programu ya bure yaitwa H2testw yakwambia ukweli. Betri za hizi kamera ndogo pia chukua mbili au tatu.

Sauti ndo watu husahau. Bila tundu la kuchomeka maiki ya nje, ukiwa ufuoni Mama Ngina au Nyali utarikodi upepo tu.

Kamera za mtumba kutoka Japani ni rahisi lakini nyingine menyu ni Kijapani tupu na haibadiliki. Za huko na za Marekani nyingi zarikodi fremu (picha) 60 kwa sekunde, na stima yetu ni hezi 50, ukumbini taa zaanza kupepesa kwa picha. Uliza kama yaweza kuwekwa fremu 25 au 50. Kisha kuna zile kamera za picha zinazoacha kurikodi zikifika dakika 29 na sekunde 59 kwa sababu ya ushuru wa zamani wa Ulaya, sheikh yuko katikati ya hotuba nayo yalala.

Ya mtumba pia mulika tochi ya simu ndani ya lenzi, ukiona nyuzi kama za buibui huo ni ukungu wa kuvu, joto na unyevu wa pwani wautia haraka. Nyumbani iweke kwa mkebe wa kufunga vizuri na vile vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu.

Siku ya kununua nenda na kadi yako mwenyewe, rikodi pembe yenye giza dukani, tembea nayo uone yatikisika vipi, kisha itazame kwa skrini kubwa. Na risiti iandikwe namba ile ile iliyo chini ya kamera.